DENI KUBWA NA UNGA WA KILA SIKU

Maneno ya Mweka Hazina wa tawi mbele ya mkutano wa wanachama wa Kilimani. Yamechapwa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu.



Nimeombwa niseme juu ya madeni. Neno hili hatulipendi. Mtu atasema waziwazi juu ya ugonjwa wake, lakini deni lake atalificha hata kwa mkewe. Na mke naye ana lake dukani, na mume halijui. Basi nyumba moja ina madeni mawili, na kila mmoja anamlipa mtu wake kisirisiri kwa fedha ileile ya unga. Leo tuyaweke mezani.

Kwanza nataka kueleza kwa nini jambo hili ni la chama, wala si la nyumbani kwa mtu peke yake. Sisi tunaofanya kazi hapa Kilimani, katika nyumba za Lenana Road na Wood Avenue, katika mahoteli ya Ngong Road, na katika majengo marefu yanayojengwa kila pembe ya Argwings Kodhek, wengi tunalala Kawangware, Kangemi na Kibera. Tajiri akipunguza saa ya kupumzika, au akikataa kulipa siku ya sikukuu, mtu asiye na deni hukataa. Mwenye deni huinamisha kichwa. Akiwa amechukua karadha ya miezi miwili kwa tajiri huyohuyo, hata kuja mkutanoni anaogopa. Deni likizidi hufunga mdomo, na chama cha watu waliofungwa midomo hakina nguvu.

Tena tusidanganyane kwamba sababu ya madeni ni anasa. Mwaka 1954 kamati ya serikali iliyoongozwa na Bwana Carpenter ilichungua mishahara ya Waafrika wa Kenya. Ikaona kwamba karibu nusu ya wafanya kazi wa mijini walioajiriwa na watu binafsi walipata mshahara usiotosha mahitaji ya lazima, kwa kuwa ulikuwa umepimwa kwa mtu mmoja asiye na mke wala watoto. Mambo mengi yamebadilika tangu siku hizo, lakini kila mmoja wetu anajua tarehe 20 ya mwezi ilivyo. Wengi wetu tumekopa kwa sababu ya hospitali, karo ya shule, matanga na kodi ya nyumba. Hizo si anasa.

Sasa tufanye hesabu. Tumchukue mlinzi mmoja wa mfano tu, asiye mtu fulani. Mshahara wake ni Sh. 20,000/-. Akatwa bima ya afya 2.75 kwa mia, yaani Sh. 550/-. Akatwa ya nyumba 1.5 kwa mia, Sh. 300/-. Akatwa ya NSSF 6 kwa mia, Sh. 1,200/-. Zinabaki Sh. 17,950/-. Kodi ya chumba 4,500/-. Unga, mboga, sukari, chai na mafuta 6,500/-. Maji ya mtungi, moto na taa 1,500/-. Shule 1,500/-. Nauli ya siku za mvua 600/-, maana siku nyingine anatembea kwa miguu. Sabuni na dawa 850/-. Jumla Sh. 15,450/-. Basi anabaki na Sh. 2,500/- za kulipia madeni yote.

Na madeni yake ni haya: mkopo wa simu 6,000/-, dukani 3,500/-, kodi ya mwezi mmoja uliopita 4,500/-, hospitali 40,000/-. Jumla Sh. 54,000/-.

Akiliona rundo hili mtu hushtuka. Wengi hufanya moja kati ya makosa mawili. Kosa la kwanza ni kulipa kwa hasira. Siku ya mshahara anatoa 8,000/- alipe, ajisikie mwanamume. Wiki ya pili nyumbani hakuna unga, anafungua simu na kukopa tena. Huyo hakulipa deni, amelihamisha tu, tena amelihamisha kwa riba. Kosa la pili ni kugawa sawasawa ili asimkasirishe mtu. Anagawa zile 2,500/- mara nne, kila mdai 625/-. Yaonekana ni haki. Lakini tazameni. Mkopo wa simu namna ya M-Shwari, tangu ulipoanzishwa mwaka 2012, umejulikana kwa ada ya 7.5 kwa mia kwa siku 30. Tukipima deni lake kwa kipimo hicho kila mwezi, Sh. 6,000/- huzaa Sh. 450/-. Katika zile 625/- alizolipa, 450/- zimekwenda kwa ada, na deni limepungua kwa Sh. 175/- tu. Huko ni kuteka maji kwa pakacha.

Njia iliyo bora ni hii. Madeni hayafanani, kwa hiyo yapange kwa foleni. Ulizeni maswali mawili juu ya kila deni: Je, linazaa? Na huyu mdai akikasirika anaweza kuninyang'anya nini? Linalozaa haraka lipigwe kwanza. Linaloweza kukutoa katika chumba lisiachwe bila kitu. Mengine yapewe kidogo, lakini yapewe kila mwezi bila kukosa.

Mlinzi wetu aipe simu 1,500/-, mwenye nyumba 500/-, duka 300/-, hospitali 200/-. Mwezi wa kwanza deni la simu litashuka hadi 4,950/-, wa pili karibu 3,820/-, na mwezi wa tano limekwisha. Hapo ndipo penye mtihani. Zile 1,500/- zilizopata nafasi zisirudi mfukoni, zisogee kwa deni linalofuata. Mwezi wa sita kodi ya nyuma imekwisha. Mwezi wa saba duka limekwisha. Amebaki na hospitali peke yake, karibu Sh. 38,000/-, na sasa anailipa 2,500/- nzima kwa mwezi. Miezi 16 mingine amemaliza. Jumla miezi 23.

Najua wengine mnanung'unika: miezi 23 ni karibu miaka miwili! Ndiyo, sikuja kuwaletea uganga. Lakini katika miezi hiyo watoto wamekula kila siku, na hapana mkopo mpya. Dawa ya deni ni kulipa, na dawa hunywewa kwa kipimo.

Sasa mtauliza, hospitali itakubali 200/- kwa miezi sita? Nenda kabla hawajakuita. Mdai hukasirishwa na ukimya kuliko uchache. Nenda ofisi ya fedha, sema mshahara wako, onyesha karatasi, omba mapatano yaandikwe na kutiwa sahihi. Na kila ulipapo chukua risiti. Kadhalika mjue kwamba mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Nairobi, katika kesi ya akina mama waliozuiliwa Pumwani baada ya kujifungua, iliamua kwamba kumfungia mgonjwa hospitalini kwa sababu ya deni si halali. Deni bado litadaiwa, lakini mwili wa mtu si rehani.

Yako mambo mengine ya sheria ambayo mfanya kazi apaswa kuyajua, maana wadai wengine hutegemea woga wetu.

La kwanza. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inasema makato yote pamoja yasipite theluthi mbili za mshahara. Mwenye 20,000/- hawezi kukatwa hata akabakiwa na chini ya Sh. 6,667/-. Lakini msifikiri sheria imewaambia mkope mpaka hapo. Nani kati yetu ataweza kulisha nyumba kwa 6,667/-? Mpaka wa sheria ni ukuta wa mwisho. Mpaka wako uweke mbali na ukuta.

La pili. Wakopeshaji wa simu wamewekwa chini ya Benki Kuu kwa kanuni za mwaka 2022. Kanuni hizo zinawakataza kumtisha mdaiwa, kumtukana, au kuwapigia simu rafiki zake na jamaa zake waliomo katika simu yake ili kumwaibisha. Ukitukanwa usijibu tusi. Andika siku na saa, hifadhi ujumbe, ulete ofisini.

La tatu. Hata korti ikitoa amri mali ya mdaiwa ikamatwe, sheria ya mashtaka ya madai inaviacha baadhi ya vitu: nguo za kuvaa, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa na jamaa yake, na zana za fundi za kazi yake. Mtu akija mlangoni bila karatasi ya korti, na bila kibali cha udalali, akidai sufuria, basi huyo hakuja kwa sheria. Mwite jirani, mwite mwenzako wa chama.

Tukija kwenye kukopa. Sisemi msikope kabisa. Mtoto akiitwa shule ya sekondari hatutamwambia angoje miezi 23. Lakini tazama bei ya fedha kama unavyotazama bei ya unga. Sh. 6,000/- kwa 7.5 kwa mia kwa mwezi hukugharimu 450/- kila mwezi. Katika vyama vingi vya ushirika vya akiba na mikopo riba ya kawaida ni 1 kwa mia kwa mwezi juu ya deni lililobaki, yaani 60/- mwezi wa kwanza, na hupungua kadiri unavyolipa.  Mfuko wa Hasla ulianzishwa tarehe 30 Novemba 2022, kwa riba ya 8 kwa mia kwa mwaka, ambayo ni 40/- kwa mwezi kwa fedha hizo. Fuliza nayo, iliyoanza mwaka 2019, ni rahisi kuichukua kuliko kukohoa, lakini fedha yo yote ikiingia katika simu yako yenyewe hujilipa kwanza. Mwanamke anangoja fedha ya mboga, simu imekwisha kuila. Na yule shailoki wa mtaani anayeshika kitambulisho chako au kadi yako ya benki, huyo mkimbie. Ushirika nao uuangalie: kabla ya kutia akiba, uliza kama una kibali cha serikali, na uliza hesabu zake za mwaka. Fedha ni yako, kuuliza si utovu wa adabu.

Juu ya matumizi ya nyumbani nitasema machache, kwa kuwa mama zetu wanajua kuliko mimi. Sisi tunanunua kwa kadogo: mafuta ya kupimiwa, sukari ya karatasi, unga wa nusu kilo. Kadogo huonekana rahisi, lakini ukijumlisha ya mwezi ni ghali kuliko mfuko mzima. Majirani watano wakitoa fedha siku moja, wakanunua gunia la mahindi na mtungi wa mafuta wakagawana, watapata nafuu bila ya kula kidogo. Na daftari la duka, tafadhalini, liwe mawili: moja kwa mwenye duka, moja kwako. Mtoto akitumwa mkate uandikwe pande zote mbili.

Na mchango wa kila wiki wa kupokezana ni mzuri, lakini mwenye foleni ya madeni asijiunge na vitatu. Hata matanga: toa ulichonacho, nenda ukachimbe kaburi, ukapike. Kukopa ili utoe mchango mkubwa uandikwe jina juu ni kumzika maiti na watoto wako pamoja.

Namalizia na jambo ambalo wengi husahau. Kabla ya kuhesabu unachodaiwa, hesabu unachodai. Amri ya mishahara iliyoanza tarehe 1 Novemba 2024 iliweka kima cha chini cha mtumishi wa nyumbani hapa Nairobi kuwa Sh. 16,113.75 kwa mwezi, bila ya posho ya nyumba. Wako dada zetu katika magorofa haya ambao wamelipwa chini ya hapo, na usiku wanakopa kwa simu. Dada wa namna hiyo hana deni tu, yeye mwenyewe ni mdai! Kadhalika likizo isiyolipwa, saa za ziada, siku ya mapumziko iliyofanyiwa kazi. Lakini msichelewe, maana sheria imeweka miaka mitatu tu ya kupeleka madai ya namna hii kortini. Anayekopa kwa riba huku ameacha mshahara wake kwa tajiri, anamkopesha tajiri bure.

Basi ndugu zangu, kazi ya wiki hii ni tatu. Mume na mke wakae, waandike madeni yote katika karatasi moja, hata lile la aibu. Wapange foleni na kiasi kisichogusa unga. Kisha kila mwanachama alete karatasi zake za mshahara ofisini, tutazame kama hakupunjwa. Halmashauri itakaa kila Jumapili baada ya mkutano, na atakayefika atasikilizwa faraghani, jina lake halitatajwa.