Jengo Tunalo, Tunaomba Mwalimu Adumu

 

Sisi ndio walimu watatu mliotuajiri mwaka huu kuanzisha skuli ya maandalizi ya jamii hapa Mpendae. Siku ya kwanza tulikuta vyumba viwili, majamvi na watoto wanaolia. Leo watoto wale wale wanahesabu kwa vifuu na makombe ya pwani, na wakati wa kuondoka ndio wanaolia.

Njia hii si ngeni. Mombasa, katika miaka ya 1980, Bi Swafiya Said alianza kuwafunza wanawake wa mitaani kusomesha watoto wadogo. Mwaka 1990 mpango huo ukafika Zanzibar. Skuli zake ni mali ya wananchi: wao huchagua kamati na humlipa mwalimu, Serikali husajili na kukagua.

Hapo kwenye kumlipa mwalimu ndipo penye mzigo. Wawili katika sisi tuliwahi kusomesha skuli iliyofunguliwa kwa vigelegele. Michango ikapungua, walimu wakaondoka mmoja mmoja, mlango ukafungwa. Aliyeumia ni mtoto aliyekwishamzoea mwalimu wake.

Kwa hivyo leo hatuombi rangi wala bango. Tunaomba kila mmoja, aliyepo hapa na aliyeko Muscat au London, aandike ahadi ya kila mwezi, hata iwe ndogo, na aitimize. Mshika fedha atasoma hesabu mbele ya wazazi kila muhula.