Mkono wa Ngazi: Mbao Mpya katika Nyumba ya Zamani

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Mombasa

Mwenyekiti alitaka tuzungumze juu ya mikopo, lakini tumemwomba mikopo ingoje mwezi ujao. Leo tunataka kuzungumza juu ya ngazi. Kuna mama anacheka huko nyuma. Cheka tu mama, lakini hebu tuambie, ngazi ya kwenu ina pa kushika?

Katika Mji wa Kale kuna nyumba moja ya ghorofa, ya mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, ambayo tumekuwa tukiitembelea kwa muda. Juu anaishi bibi wa miaka 78. Ngazi yake ni ya mbao, vidato 17, imesimama wima kama nyingi za nyumba zile, nayo inapinda katikati penye giza. Zamani ilikuwa na mkono mzuri wa msaji, yaani ule ubao wa kushika, pamoja na vijiti vyake vilivyochongwa. Kijiti kimoja kilivunjika, kikaachwa. Vingine vikaingia jikoni kuwa kuni siku za shida. Mwishowe ubao wenyewe ukaondoka, na mahali pake ikafungwa kamba ya katani.

Tulipokwenda mara ya kwanza bibi alikuwa hajateremka kwa miezi saba. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa anaogopa tu. Maji anapandishiwa kwa ndoo, chakula anapandishiwa, majirani anawasalimu dirishani. Watoto wake walikuwa wameshaamua kumhamishia Kisauni kwa kijana wake mkubwa. Bibi akatuambia, "Wanangu, mimi nimezaliwa nyumba hii. Wakinitoa huku wajue wananizika kabla ya siku zangu." Basi hapo tukaelewa kwamba habari si ya mbao tena.

Kwa nini ngazi haikutengenezwa miaka yote hiyo? Mnajua jibu. Ni nyumba ya urithi. Warithi ni tisa, kila mmoja anadai chumba chake, lakini ngazi si ya mtu.

Sasa tuwaambie tulivyokosea, kwa sababu kosa lile ni letu sisi, si la warithi. Tulichanga pesa upesi upesi, tukaona tusikawie. Tukanunua mbao za paini zilizokuwa bei ya chini. Tangu serikali iliposimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii mnamo Februari 2018, bei ya mbao ilikuwa imepanda, na mtu akiona rahisi anakimbilia. Mbao zenyewe zilikuwa mbichi, ukizishika unasikia ubaridi wa maji. Tukampa kijana mmoja kazi, akapigilia misumari siku mbili, akapaka vanishi, tukapiga picha. Ilipendeza kweli.

Miezi miwili haikuisha. Mbao zilikauka zikiwa zimeshafungwa, zikanywea, kila kiungo kikalegea. Lakini hilo lilikuwa dogo. Siku moja mjukuu wa bibi, mvulana wa miaka tisa, aliegemea ile nguzo ya chini akifunga kiatu, na nguzo ikaenda naye. Aliumia bega na kupasuka mdomo. Angekuwa kwenye kidato cha kumi na tano leo tungekuwa tunasema mengine. Tulipotazama, nguzo yetu mpya ilikuwa imepigiliwa juu ya kidato ambacho ndani ni unga mtupu. Mchwa walikuwa wamekula wakaacha ganda na rangi.

Ndipo tukamwendea mzee mmoja seremala ambaye tangu mwanzo tungemwendea, ila tulimwona ghali. Mzee hakuja na msumeno. Alikuja na bisibisi kuukuu na tochi. Akapiga magoti akaanza kidato cha kwanza, anadunga ubao, anasikiliza, anadunga tena. Penye ubao mzima bisibisi inakataa. Penye ugonjwa inaingia kama kwenye mkate. Vidato vitatu vilikuwa vibovu, na kipande cha ule ubao mrefu wa ubavuni unaobeba ngazi yote. Akasema, "Nyinyi mlimpa kipofu fimbo, mkasahau kutazama shimo."

Kwa hiyo, wana-kikundi, mkono wa ngazi ni wa mwisho. Kwanza vidato na ubao wa ubavuni. Ubovu ukatwe hadi kwenye mbao nzima, njia ya mchwa itafutwe mpaka ukutani, dawa ipakwe, na penye paa linalovuja pazibwe, maana mbao yenye unyevu huwaita tena.

Nguzo ya chini ndiyo inayobeba kishindo chote mtu akiteleza. Mzee hakuiweka juu ya kidato. Aliipitisha chini hadi kwenye boriti, akaifunga kwa bolti mbili. Vijiti alivitia ulimi juu na chini, vikaingia kwenye matundu yake na gundi. Pale alipohitaji skrubu alitumia za shaba nyeupe, akatoboa kwanza ili mbao isipasuke. Msumari wa kawaida kwa hewa ya bahari hushika kutu, na kutu hula mbao inayouzunguka.

Juu ya mbao kavu, mafundi wana desturi ya kuhesabu mwaka mmoja wa kukauka kwa kila inchi ya unene, mbao zikipangwa kivulini na vijiti katikati ili hewa ipite. Nani ana mwaka wa kungoja? Basi fanyeni hivi: kateni kipande kidogo katikati ya ubao, si nchani, mkipime kwa mizani ya duka. Kiwekeni ndani ya nyumba penye hewa kwa wiki moja, mkipime tena. Kikipungua uzito sana, mbao bado ina maji, msiifunge. Sisi safari hii tulinunua mbao ngumu ya mahogani kwa ule ubao wa kushika peke yake, kwa kuwa ndio unaopita mikononi. Vijiti tulitumia saipresi kavu, na vile vitano vya msaji vilivyosalia tukavirudisha mahali pake. Havifanani na vipya. Bibi anasema vinajuana.

Kipimo je? Kwa kawaida mkono huwa kama sentimita 90 juu ya ukingo wa kidato. Mzee alimsimamisha bibi mwenyewe, akamwambia aukunje mkono kidogo kama anayeshika bakora, akapima hapo. Ubao uwe mviringo, vidole viweze kuuzunguka. Ule mpana wa kupendeza hauwezi kukamatwa na mtu anayeanguka. Baina ya kijiti na kijiti nafasi isipitishe mpira wa sentimita 10. Nchi nyingi hufuata kipimo hicho, kwa sababu kiwiliwili cha mtoto kikipita kichwa hunasa. Na chini ubao usiishie kwenye kidato cha mwisho, bali uendelee kama sentimita 30 mbele. Wengi huanguka hapo hapo mwishoni, mtu akidhani amefika.

Kisha mzee akauliza swali ambalo sisi wenye vyeti hatukuwa tumelifikiria: "Bibi akiugua usiku, mtamshusha vipi?" Akachukua kiti, akamkalisha mjukuu, vijana wawili wakambeba kushuka. Kwenye kona walikwama. Ikabidi ubao wa kona usogezwe ukutani.

Mambo mawili kwa wale wa nyumba za zamani. Mkikwangua rangi kuukuu, nyingi zina madini ya risasi ndani yake. Lowesheni kwanza, msiisugue kavu wala kuichoma kwa moto, na watoto wakae mbali mpaka mfagie kwa kitambaa kilicholowa. Tena Mji wa Kale ni eneo la hifadhi. Nendeni kwenye ofisi ya hifadhi ya Makavazi ya Kitaifa kabla ya kung'oa kitu. Wengine huogopa eti watakatazwa. Sisi tulipewa ushauri, na ngazi tukaitengeneza.

Pesa za mara ya pili zilitoka kwa warithi. Hatukuwaomba wachangie ngazi. Tulimwendea kila mmoja na picha ya mdomo wa yule mtoto, tukamwambia alipie vijiti vitatu. Saba walilipa. Wawili bado, nasi tunawakumbusha.

Kazi ilipokwisha, mzee aliita vijana wanne wausukume ule ubao kwa nguvu zao zote. Haukutikisika. Kesho yake asubuhi bibi alifungua mlango, akashika, akateremka kidato kwa kidato, sisi tukiwa mbele yake tumeshika pumzi. Ilimchukua muda mrefu. Alipofika chini akaketi barazani, akamwita jirani yake wa miaka yote, akaagiza kahawa. Halafu akamgeukia mzee, akamwambia vanishi haijakolea.

Bisibisi na tochi ziko kwa katibu. Anayetaka kuazima aandike jina lake, arudishe Jumamosi.