Ukimdhamini Mtu Naye Asifike Kortini
Akina mama na wazee, wako kati yetu walioweka hati ya shamba kumdhamini jirani, halafu wakasahau. Sikizeni. Siku mshtakiwa akikosa kufika, hakimu hutoa waranti akamatwe. Na wewe mdhamini utaitwa ulipe zile pesa za bondi, au ueleze kwa nini usilipe. Kusema "yeye ndiye alitoroka" pekee hakutoshi. Mali yako yaweza kuuzwa, hata ufungwe. Basi ukimwona anafungafunga mizigo, usingoje. Kifungu cha 128 cha sheria ya kesi za jinai kinakuruhusu kumwomba hakimu ujitoe. Ataagiza mtu huyo akamatwe, aletwe. Na akiwa mgonjwa kweli? Nenda wewe kortini asubuhi hiyohiyo na barua ya daktari.