Mtoto Mwenye Usonji Si wa Kufichwa

Leo tunazungumzia usonji, na hasa yanayoipata familia pale mtoto anapofungiwa ndani.

Usonji hauambukizi. Si laana, si mapepo, wala hautokani na chanjo au malezi mabaya. Ni tofauti katika ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 takriban mtu 1 kati ya 127 alikuwa nao. Huenda hata mtaani kwako yupo.

Dalili zake ni zipi? Mtoto anaitwa jina haitiki, ilhali anasikia. Anakwepa kumtazama mtu usoni. Atakaa akipanga vizibo vya soda mstari mmoja. Ukiondoa kimoja, analia kama aliyechomwa. Bodaboda ikipita, anaziba masikio. Si wote wanaofanana, lakini dalili kama hizi zisipuuzwe.

Sasa mfikirie mama yake. Mtoto akijitupa chini dukani, watu wananong'ona: "Kadekezwa huyo!" Shughulini haalikwi tena. Pengine baba naye kaondoka, akidai kwao hakuna watoto wa namna hiyo. Mama anakosa usingizi, anajilaumu, mwishowe anajifungia na mwanawe. Na mtoto asiyetoka atajifunza wapi kusalimia, kucheza na kusubiri zamu yake?

Mzazi, mtoto akichelewa kuongea, mpeleke kituo cha afya mapema. Apimwe masikio, kisha uombe rufaa kwa wataalamu. Nyumbani, mwambie kwa maneno machache, na ratiba ya kula na kulala isibadilike ovyo. Nawe ukizidiwa na huzuni, mweleze mhudumu wa afya. Hilo nalo lina matibabu.

Jirani, acha kuuliza karogwa na nani. Sema, "Dada, niachie mtoto kidogo, ukaoge upumzike." Waambie wanao wamwite mchezoni. Mwalimu mkuu, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 hapa Tanzania inampa mtoto huyu haki ya kusoma. Usimrudishe nyumbani.

Na yeyote anayejua mtoto amefungiwa au anateswa, apige 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Simu hiyo ni bure.

Msikilizaji, kama unamjua mama wa namna hii, usingoje wiki ijayo. Nenda leo ukampigie hodi.