Misuli ya Msamba na Nguvu za Kiume: Tiba Inayoweza Kuanzia Kituo cha Afya



Mwanamume akiishiwa nguvu za kiume, kwetu hapa Kasongo, nchini Kongo, hamwambii mtu. Hutafuna mizizi ya kimbiolongo, na isipomfaa hununua vidonge au unga sokoni, asijue ndani mna nini. Unga wa namna hiyo umepimwa katika nchi nyingi ukakutwa umetiwa kwa siri sildenafili, dawa ya hospitali ya kusimamisha uume. Mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za nitrati akimeza unga huo, tansio yake inaweza kuporomoka hadi akafa. Jambo hili linaniuma, kwa sababu wengi wa wanaume hao wangeweza kusaidiwa bila kutoa faranga kwa dawa.

Uume hausimami kwa mfupa. Damu huingia kwa wingi, kisha huzuiwa isitoke. Katika msamba, baina ya korodani na njia ya haja kubwa, ipo misuli inayoukumbatia uume kwenye shina lake. Ikikaza, huibana damu iliyokwisha kuingia, na shinikizo ndani ya uume hupanda hata kuizidi tansio inayopimwa mkononi. Ikilegea, mtu huanza vizuri kisha uume ukalala katikati ya tendo. Malalamiko hayo wauguzi wenzangu mnayajua.

Daktari Arnold Kegel wa Marekani aliandika mwaka 1948 juu ya kuzoeza misuli hii kwa wanawake wanaovujwa na mkojo baada ya kuzaa. Wanaume walisubiri sana. Mwaka 2004 Grace Dorey na wenzake huko Uingereza walitoa matokeo ya wanaume 55 waliofanya mazoezi hayo. Baada ya miezi sita, asilimia 40 walirudia hali ya kawaida, asilimia 35.5 walipata nafuu, na asilimia 24.5 hawakubadilika. Hao 55 ni wachache, nami siwaahidi kwamba kila mtu atapona. Lakini hata vidonge vina watu visivyowafaa.

Zoezi lenyewe ni hili. Lala chali, kunja magoti. Kaza kana kwamba unazuia upepo usitoke na mkojo usimwagike kwa wakati mmoja. Ukikaza sawasawa, uume huvutwa ndani kidogo kwenye shina na korodani hupanda. Tumbo na makalio yabaki yamelegea, na usizuie pumzi. Hapo ndipo wengi hukosea. Shikilia kadiri uwezavyo, hadi sekunde kumi, kisha legeza kabisa. Mara tatu ukiwa umelala, tatu umekaa, tatu umesimama, asubuhi na jioni. Usizoee kuyafanya katikati ya kukojoa.

Kuna faida nyingine ambayo Waislamu wa Kasongo wataithamini mno. Misuli hiyohiyo ndiyo inayosukuma nje matone ya mwisho ya mkojo. Mzee anayetawadha, akasimama kuswali, kisha akahisi tone limemtoka, hupata dhiki kubwa ya tohara. Akikaza kwa nguvu mara amalizapo kukojoa, tone hilo hutoka palepale chooni. Katika wanaume wa Dorey, wengi walikuwa na shida hiyo, na wengi waliondokewa nayo.

Mazoezi, hata hivyo, hayamtibu mwenye sukari asiyejijua. Mishipa ya damu ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, basi huziba mapema. Nguvu zikipungua polepole kwa mtu wa miaka hamsini, huenda moyo ndio unaotangulia kutoa habari. Naye kijana anayeamka asubuhi uume umesimama, lakini mbele ya mke hawezi, mara nyingi ana hofu au huzuni, na katika nchi iliyopitiwa na vita kama hii, huzuni hiyo ina sababu. Huyo anahitaji kusikilizwa kwanza.

Nani atafundisha? Miaka ya 1970 hapahapa Kasongo, wakishirikiana na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, watu wetu walionyesha kwamba muuguzi wa kituo cha afya, akiwa na maelekezo yaliyo wazi na hospitali nyuma yake, anaweza kubeba sehemu kubwa ya matibabu ya jamii. Utafiti wao juu ya chanjo ya surua ulichapishwa katika Lancet mwaka 1981 na ukajadiliwa duniani. Kazi ninayoiomba ni ndogo kuliko ile. Muuguzi amuulize mwanamume faraghani, apime tansio na sukari, atazame dawa anazotumia na sigara anazovuta, kisha amfundishe kukaza na kulegeza mpaka ahakikishe ameelewa. Mke akitaka kuwapo, akaribishwe. Arudi baada ya miezi mitatu. Asiyeona mabadiliko apewe barua ya kwenda hospitali kuu, Kasongo au Kabambare, iliyo karibu naye.