Maji Yanayong'aa Yaweza Kuwa na Sumu

Leo tuongee juu ya maji ya kisima. Tumezoea kusema: yakiwa yanang'aa na yamechemshwa, basi ni mazuri. Kuchemsha huua vijidudu, ni kweli, lakini tusitegemee moto kuondoa dawa za wadudu tunazonyunyizia shambani.

Wanasayansi wametengeneza kipimo cha umeme cha dawa za aina ya oganofosfeti. Juu yake hupakwa kimeng'enya, kile kile kinachosaidia mishipa yetu ya fahamu, ambacho dawa hizo hukizima. Huongezwa chembe za dhahabu za kiasi cha nanomita chache. Nanomita 1 ni sehemu ya milioni ya milimita. Chembe hizo husaidia umeme kupita. Sumu ikiwemo, kimeng'enya hulegea, umeme hupungua. Hapo ndipo twajua.

Lakini kipimo hakisafishi maji, na vingi bado viko maabara. Basi kinga ianze kwetu: tusioshe pampu mtoni, tusichanganye dawa karibu na kisima, na mikebe ya dawa tusiichotee maji kamwe.