Galaktosi: Sukari ya Maziwa Ambayo Kila Mzazi Anafaa Kuijua

Mazungumzo na wazazi katika kliniki ya mama na mtoto



Maziwa yana utamu wake hata kabla ya kutiwa sukari. Utamu huo ni wa laktosi, yaani sukari mbili ndogo zilizoshikana: glukosi na galaktosi. Maziwa ya mama yana takriban gramu 7 za laktosi katika kila mililita 100. Ya ng'ombe yana karibu gramu 5. Laktosi ikishavunjwa tumboni, galaktosi hupelekwa kwenye ini na kugeuzwa kuwa glukosi ya kumpa mtoto nguvu.

Kwa watoto karibu wote, kazi hiyo hufanyika bila shida. Wachache sana huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha kuigeuza galaktosi. Hali hiyo huitwa galaktosemia. Mtoto huonekana mzima anapozaliwa, lakini siku chache baada ya kuanza kunyonya hutapika, hukataa ziwa, hulegea, na macho na ngozi yake hugeuka manjano. Akichelewa kutibiwa, ini huharibika, anaweza kupata mtoto wa jicho, na hata kufariki.

Huu si ulaji mbaya wa mama wala laana. Ni urithi kutoka kwa wazazi wote wawili, ambao wenyewe huwa wazima. Kwa wazazi kama hao, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4. Mama asilaumiwe.

Kipimo cha damu kikithibitisha, mtoto huachishwa maziwa ya mama na ya mifugo, na daktari humwandikia maziwa maalumu ya watoto yaliyotengenezwa kwa soya.

Hali hii isichanganywe na ya mtu mzima anayevimbiwa au kuharisha akinywa maziwa. Huyo mara nyingi huvumilia maziwa lala au mursik, kwa kuwa bakteria wamekwisha kula sehemu ya laktosi. Mtoto mwenye galaktosemia hafai kupewa hata hayo.

Basi, mzazi asimwachishe mtoto ziwa kwa kukisia. Maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ndiyo chakula bora kwa karibu kila mtoto. Dalili zilizotajwa zikionekana, mtoto afikishwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, pamoja na kijitabu chake cha kliniki. Kama familia iliwahi kumpoteza mtoto mchanga, daktari aambiwe bila kuficha.